Mgonjwa Akishikwa, Nani Atazitaja Dawa Zake?



Habari ya mtu kushikwa na polisi hufika Sharafiya kwa simu kabla mwenyewe hajafika kituoni. Maswali ya kwanza huwa ni yale yale. Ikama yake ilikuwa hai? Kafili alimripoti huroob? Kashikwa barabarani au nyumbani? Ni maswali ya lazima, hatuyapuuzi. Lakini liko jingine ambalo mara nyingi halikumbukwi mpaka siku ya tatu au ya nne: mtu huyu ana maradhi gani, na dawa zake ziko wapi?

Katika toleo hili tunaeleza kazi ya kuwasaidia kiafya watu dhaifu walioingia mikononi mwa sheria. Kazi hii ina waajiriwa wake na watu wake wa kujitolea, na ina kanuni zake. Ina pia sehemu moja ndogo ambayo kila familia inaweza kuifanya bila cheti chochote, nayo ni kuhakikisha kwamba habari ya ugonjwa inamfikia mtu aliyeshika ufunguo.

Tunawazungumzia kina nani?

Tukisema watu dhaifu hatuna maana ya watu wasio na nguvu za mwili tu. Tuna maana ya yeyote ambaye kituo cha polisi, jela au tarhili vinaweza kumdhuru kuliko wengine. Mama mjamzito ni mmoja wao. Wengine ni mama anayenyonyesha, mzee wa presha, kijana mwenye kifafa au selimundu, mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, mtu mwenye maradhi ya akili ambaye polisi wanamwona mkaidi kumbe haelewi anachoulizwa, na aliyezoea dawa za kulevya anayeingia arosto usiku wa kwanza.

Wamo pia wadada wa kazi za nyumbani waliokimbia kwa waajiri wao, wale ambao Wakenya huku wamezoea kuwaita kemboi. Wengi wao hawana ikama mkononi, hawana bima, na huogopa hospitali kama wanavyoogopa shurta. Mjamzito asiye na cheti cha ndoa huogopa zaidi, kwa sababu mimba nje ya ndoa hapa ni kesi. Wapo wanaojifungulia chumbani kwa hofu hiyo.

Wakongwe wa Jeddah wanalikumbuka daraja la Kandara. Miaka ya nyuma wahamiaji wa mataifa mengi, wakiwemo kina mama wenye watoto wachanga, walilala chini ya daraja lile wakisubiri wakamatwe ili warudishwe kwao. Kwao kushikwa ndiyo ilikuwa njia ya kufika nyumbani, na waliougua waliugulia pale pale juani. Siku hizi wanaosubiri kurudishwa kutoka Jeddah hupelekwa Shumaisi, kwenye barabara ya Makka. Mahali pamebadilika, lakini shida ya mgonjwa asiyejulikana kuwa ni mgonjwa ipo.

Kwa nini siku ya kwanza ni nzito

Maradhi mengine husubiri, mengine hayasubiri. Mwenye kisukari cha kutegemea insulini akikosa sindano zake anaweza kufika hatua ya kupoteza fahamu katika siku moja au mbili. Mwenye kifafa akikatiza vidonge ghafla huweza kuanguka mfululizo. Aliyezoea pombe kila siku akiikosa ghafla anaweza kupata mtukutiko ndani ya saa 48 za mwanzo, na huo huua. Mwenye selimundu akikaa kwenye joto bila maji ya kutosha hushikwa na maumivu makali ya mifupa. Mwenye pumu bila pampu yake kwenye chumba kilichojaa watu hahitaji maelezo.

Mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dozi hataanguka siku hiyo, lakini vijidudu hujenga usugu, na walio naye chumba kimoja wanaweza kuambukizwa.

Sasa weka juu ya hayo suala la lugha. Askari anaongea Kiarabu, aliyeshikwa anaongea Kiswahili, na pengine simu yake imechukuliwa. Mtu akitetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka, asiyejua anaweza kudhani amelewa. Mwenye maradhi ya akili akikataa kutoa vidole kwa alama huonekana anapinga amri. Kosa jipya huandikwa juu ya la zamani, na yote hayo kwa sababu sentensi moja haikusemwa.

Sheria inasema nini

Ni vizuri kujua haki zilizoandikwa, maana mtu huomba kwa adabu zaidi anapojua anachoomba.

Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Saudia ya mwaka 2013 inakataza kumdhuru aliyeshikwa mwilini au kumdhalilisha. Inasema aelezwe sababu ya kushikwa, na aruhusiwe kuwasiliana na mtu anayemtaka ili kumjulisha. Ana haki ya wakili wakati wa uchunguzi na mbele ya mahakama, na asiyejua Kiarabu hupewa mkalimani mahakamani. Polisi wanatakiwa wasimweke zaidi ya saa 24 kabla ya kumfikisha kwa mchunguzi. Aliye jela ana haki ya kupeleka malalamiko, kwa maandishi au kwa mdomo, kwa mkuu wa jela, ili yafikishwe kwa mwendesha mashtaka. Ugonjwa ambao hautibiwi ni lalamiko halali.

Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2009 ina kipengele ambacho wengi wetu hatukijui. Aliyesafirishwa kwa udanganyifu au kutumikishwa kwa nguvu anatakiwa aelezwe haki zake kwa lugha anayoielewa, apelekwe kwa daktari akihitaji matibabu ya mwili au ya akili, na apatiwe mahali pa kukaa. Kwa hiyo dada aliyekimbia kipigo au kufungiwa ndani anaweza kuwa mtuhumiwa kwenye karatasi moja na mhanga kwenye karatasi nyingine. Lazima mtu aseme.

Kwa walevi wa dawa za kulevya, sheria ya mwaka 2005 inasema mtumiaji anayeomba matibabu, au anayeombewa na jamaa zake wa karibu, hafunguliwi kesi ya utumiaji. Hospitali za Amal, ambazo zilianzishwa miaka ya 1980 huko Riyadh, Jeddah na Dammam kwa ajili ya matibabu hayo, leo zinajulikana zaidi kwa jina la Irada. Mgeni aulize wakili au ubalozi kwanza, kwa sababu suala la ikama ni jingine na lina taratibu zake.

Nje ya sheria za nchi, upo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za ubalozi mdogo, ambao Saudia imeuridhia. Aliyeshikwa akiomba ubalozi wake ujulishwe, unatakiwa ujulishwe bila kuchelewa, na maofisa wake wana haki ya kumtembelea. Zipo pia Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, na kupewa jina la mzee aliyekaa gerezani miaka 27. Zinasema mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile wanachopata watu walio nje, na kila anayeingia aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo.

Kuandikwa si kutekelezwa. Desemba 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza hali mbaya ya msongamano katika kituo kimoja cha kuwarudisha wahamiaji Riyadh. Ndiyo maana hatusemi "sheria ipo, lala usingizi." Tunasema sheria ipo, kwa hiyo kuna mlango wa kubisha hodi.

Nani hufanya kazi hii

Ndani ya jela na vituo wapo madaktari na wauguzi. Hao ndio wanaoandika dawa na kuamua nani apelekwe hospitali. Muuguzi wa namna hii hana faili la mgonjwa. Anaanza na mtu aliyekaa mbele yake na maneno machache. Akipata jina la dawa na kipimo chake, kazi yake inapungua nusu.

Nje yupo ofisa wa ubalozi. Balozi za Tanzania, Kenya na Uganda ziko Riyadh. Ofisa ndiye anayeweza kuingia pale ambapo jirani hawezi, na barua yake ina mhuri. Lakini ofisa mmoja anaweza kuwa na majina mengi mezani. Jina lililoandikwa "mgonjwa, anachoma insulini mara mbili kwa siku" haliwezi kukaa chini ya rundo sawa na mengine.

Yupo mkalimani. Huyu si mtu anayejua Kiarabu cha sokoni tu. Mkalimani mzuri hutafsiri alichosema mgonjwa bila kuongeza huruma wala kupunguza aibu, na akitoka pale hasimulii mtu.

Zipo taasisi za wenyeji. Kamati ya kitaifa ya kuwahudumia wafungwa, waliotoka na familia zao, maarufu kama Tarahum, iliundwa mwaka 2001. Jumuiya ya Taifa ya Haki za Binadamu iliundwa 2004 na Tume ya Haki za Binadamu 2005. Hizi mbili hupokea malalamiko, likiwemo la mgonjwa kunyimwa matibabu.

Mwisho upo wewe, jirani, mama mwenye nyumba, mwalimu wa madrasa, dereva. Huna mhuri, lakini unajua kwamba Mama Zuhura wa ghorofa ya tatu ana presha na kidonge chake ni cheupe cha asubuhi. Hakuna ofisi yenye habari hiyo.

Karatasi moja yenye mistari saba

Kila mtu mwenye maradhi ya kudumu katika nyumba yenu awe na karatasi hii, nakala moja kwenye pochi na nyingine kwa mtu anayemwamini. Iandikwe kwa Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Duka la dawa au zahanati mnayotibiwa wanaweza kusaidia kuandika upande wa Kiarabu.

1. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, uraia.
2. Namba ya ikama, au ya pasipoti kama ikama hakuna.
3. Ugonjwa, kwa neno moja au mawili.
4. Jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, kipimo, na saa za kunywa.
5. Dawa au chakula kinachomdhuru.
6. Zahanati au hospitali anayotibiwa, na namba ya faili.
7. Simu ya ndugu mmoja hapa na mmoja nyumbani.

Pamoja na karatasi, kila mmoja ajifunze maneno machache ya kusema mwenyewe. *Maridh* ni mgonjwa, kwa mwanamke *maridha*. *Sukkari* ni kisukari, *dhaght* ni presha, *rabu* ni pumu, *sara* ni kifafa, *hamil* ni mjamzito, *dawaa* ni dawa. *Mutarjim* ni mkalimani na *sifara* ni ubalozi. Mtu akiweza kusema "ana maridh, sukkari, dawaa" kwa sauti ya utulivu, ameshafungua njia.

Habari ya kushikwa ikifika, mtu mmoja tu wa familia ashike jambo hili. Atafute kwanza yuko kituo gani. Apige simu ubalozini, na asianze na hadithi ya kesi. Aanze hivi: "Shikamoo mzee. Ninaripoti Mtanzania mgonjwa aliyeshikwa. Ni mwanamke, ana mimba ya miezi saba na presha. Yuko kituo fulani tangu jana saa kumi jioni. Dawa yake ni hii." Kisha aandike jina la aliyepokea simu na saa. Kesho yake apige tena na kumuulizia mtu huyo huyo.

Dawa zipelekwe kwenye boksi lake, zikiwa na karatasi ya daktari na risiti. Usipeleke vidonge kwenye mfuko wa nailoni, askari hatavipokea na ana haki. Dawa nyingine za maumivu, kama tramadol, ziko chini ya udhibiti mkali hapa, na kubeba bila cheti cha daktari ni kesi yako wewe. Miraa, hata kama nyumbani inauzwa barazani, hapa imepigwa marufuku kabisa.

Mambo ya kuepuka

Usitangaze ugonjwa wa mtu kwenye kundi la simu. Kuna maradhi, VVU kwa mfano, ambayo hupimwa wakati wa kuomba ikama na yanaweza kumrudisha mgeni kwao. Anayepaswa kujua ni daktari, na ofisa wa ubalozi kwa idhini ya mgonjwa.

Usichangishe pesa mtaani au kwenye simu. Najua kwetu mchango ndio undugu, lakini hapa kukusanya michango bila kibali ni kosa, na mwenye kuanzisha harambee anaweza kuungana na mgonjwa ndani. Msaada wa pesa upitie ubalozi au taasisi yenye leseni.

Usipige picha askari, kituo wala watu waliofungwa, wala usizirushe mtandaoni.

Usimfiche mtu aliyevuka mpaka kinyume cha sheria ukidhani unamsitiri. Adhabu ya kumsafirisha au kumpa makazi inafika kifungo cha miaka 15 na faini ya riyali milioni 1. Lakini mtu anayetoka damu nyingi, aliyepoteza fahamu au anayejifungua si wa kufichwa wala kusubirishwa. Piga 997 kwa gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu, au 911 katika mkoa wa Makka, ambamo Jeddah imo, na Riyadh. Hospitali, hata za binafsi, zinatakiwa kumpokea kwanza mgonjwa wa dharura. Kesi inaweza kujibiwa baadaye kama mtu yu hai. Kwa ushauri wa afya usio wa dharura, namba ya wizara ni 937, na kwa kuripoti ukatili wa nyumbani ni 1919.

Kwa wanaotaka kuifanya kama kazi

Tumeulizwa na vijana kadhaa, hasa wanaosomea uuguzi, kama hii ni kazi mtu anaweza kuiendea. Ndiyo, na dunia inaihitaji. Uingereza, baada ya ripoti ya Lord Bradley ya mwaka 2009 kuhusu wagonjwa wa akili na wenye ulemavu wa kujifunza mbele ya mahakama, zilianzishwa huduma za wauguzi wanaokaa kwenye vituo vya polisi na mahakama. Kufikia 2020 huduma hizo zilikuwa zimeenea England nzima. Muuguzi humwona aliyeshikwa, huuliza juu ya dawa, usingizi na fikra za kujiua, humwandikia hakimu maelezo mafupi, na akitoka humsindikiza mpaka kliniki. Kazi hiyo inataka subira na lugha kuliko mashine.

Kwetu nako misingi ipo. Kenya mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017 zilipitisha sheria za msaada wa kisheria zinazowatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliofundishwa kumwelekeza mtuhumiwa asiye na wakili. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa waliozoea heroini, wengi wao wakiwa wamezoea pia kuingia na kutoka mahabusu. Atakayerudi nyumbani na ujuzi huu hatakosa pa kuutumia.

Hapa Saudia, kumbuka kwamba kazi ya mshahara lazima iendane na ikama yako. Muuguzi, daktari au mtaalamu wa maabara husajiliwa kwanza na Mamlaka ya Saudia ya Taaluma za Afya, iliyoanzishwa mwaka 1992. Anayetaka kujitolea, mwenye ikama halali anaweza kujiandikisha kwenye jukwaa la taifa la kujitolea na kuchagua shughuli za afya au ukalimani. Usijipe cheo cha "wakala wa wafungwa." Wapo matapeli wanaochukua pesa za familia kwa jina hilo, na wanaolia ni familia.

Akitoka, au akirudishwa

Kazi haiishi mlango ukifunguliwa. Anayerudishwa nyumbani hupanda ndege na alichovaa. Kama anatumia dawa, ombeni kupitia ubalozi apewe barua ya daktari na dawa za siku kadhaa. Mpelekeeni ndugu wa kule habari mapema, ili mtu ampokee uwanjani na ampeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Mwenye kifua kikuu aendelee na dozi alipoishia, asianze upya kwa kubahatisha. Mama aliyejifungua ndani apimwe yeye na mtoto, na cheti au barua yoyote ya kuzaliwa aliyopewa mtoto itunzwe kama pasipoti. Bila karatasi hiyo, mtoto atahangaika na uraia kabla hajajua kutembea.

Aliyetoka na kubaki hapa naye asiachwe. Wengi hawalali, hushtuka mlango ukigongwa, hukasirika na watoto. Hilo si jini wala si utovu wa adabu, ni jeraha. Mshaurini aonane na daktari, na msimuulize mbele za watu alifanya nini.

Tunawaomba wiki hii mfanye jambo moja. Ijumaa baada ya chakula, kaeni na familia, chukueni maboksi ya dawa yaliyomo nyumbani, na muandike ile mistari saba kwa kila anayehusika. Anzeni na mgeni aliyefika mwisho katika nyumba, kwa sababu ndiye anayejulikana na watu wachache zaidi.